Malaria ya Mombo

Jumapili, 16 Februari 2025

Daftari la zamani limejaa, nami sipendi kuandika pembeni mwa kurasa. Katika hili jipya, mimi Yohane Shekalaghe, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, nitaandika hali ya hewa, mazoezi ya matarumbeta na mambo ya nyumbani, kuanzia leo hadi Pasaka. Uvumi na manung'uniko havitakuwa na nafasi humu.

Hali ya hewa: jua, upepo mdogo kutoka msitu wa Magamba. Plamu za mwisho zimechumwa. Mguu niliovunja mwezi Agosti, nilipoteleza kwenye tuta la shamba hilohilo la plamu, unauma kiasi.

Zimebaki wiki tisa. Alfajiri ya Pasaka usharika wetu hupanda makaburini kimya. Hakuna anayemsalimu mwenzake, hata mume na mke walioamka nyumba moja, mpaka tarumbeta la kwanza lilie. Tarumbeta hilo nimelipiga mara arobaini. Namwomba Mungu pumzi ya mara ya arobaini na moja.

Jumatatu, 17 Februari

Jua. Nimemeza dawa. Mguu umetulia.

Alhamisi, 20 Februari

Jua asubuhi, ukungu mchana. Nimekwenda kwa Sharifu, mwenye duka la dawa njia panda. Ni kijana mwenye adabu. Huinuka kitini anisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," na kabla sijafungua mdomo tramadoli zangu, dawa ya maumivu ya mguu, zimo ndani ya bahasha. Hospitali walinipa za siku kumi tu baada ya upasuaji, kana kwamba mfupa wa mzee huunga kwa siku kumi. Sharifu haniulizi maswali.

Jumamosi, 22 Februari

Mazoezi. Wapigaji kumi na wawili. Abrahamu, mpasua mawe, ambaye ndiye mpiga besi wetu, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, alifika amechelewa akiwa na vumbi kichwani, lakini alipiga vizuri. Kristian, msaidizi wangu, anaukimbiza wimbo kama mtu anayewahi basi. Nimemwambia hayo mbele ya wote.

Katika wimbo wa tatu nilifumba macho ili nisikilize kwa makini. Nilipofumbua, walikuwa wameshaanza wa nne, na Kristian ndiye aliyekuwa akiongoza.

"Tuliona umechoka, Mwalimu," alisema.

"Sikuchoka. Nilikuwa nasikiliza."

"Ndiyo, Mwalimu. Ila ulikuwa unasikiliza kwa kukoroma."

Walicheka wote. Sikuona la kuchekesha.

Ijumaa, 28 Februari

Nimerudi. Jumanne nilishuka Mombo kwa dada yangu Sesilia, ambaye mjukuu wake amechumbiwa. Joto lilikuwa kali na mbu wengi. Haraka ya kuwahi gari ilinifanya nisahau kopo langu la dawa juu ya kabati. Jumatano jioni nikaanza kuumwa: jasho, kamasi, tumbo kunyonga, vinyweleo kusimama kama vya kuku aliyenyonyolewa, na miguu isiyotaka kutulia kitandani.

"Malaria hiyo," alisema Sesilia. "Nyie watu wa milimani mkishuka kidogo tu, mbu wanapeana habari."

Sikupima, kwa kuwa dalili zilikuwa wazi. Tangu utotoni tunajua kuwa Mshambaa akishuka nyika hurudi na homa. Leo nimefika nyumbani saa nne asubuhi, nikameza dawa mseto pamoja na dawa yangu ya mguu. Saa sita nilikuwa mzima kabisa. Dawa mseto za siku hizi ni kali.

Mke wangu, Jenoveva, alisimama mlangoni akiniangalia. Alisomeshwa na masista kule Kifungilo na bado ana yale macho yao.

"Mghoshi," aliniita, kama sisi Washambaa tunavyomwita mwanamume, "tangu lini malaria inamfanya mtu apige miayo?"

Nilimwambia kuwa yeye si daktari.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mawingu. Nimeahidi kuacha sukari hadi Pasaka.

"Na vile vya kwenye kopo?" aliuliza Jenoveva.

"Ile ni dawa."

"Sukari nayo uliitia kwenye chai ukisema ni dawa ya kifua."

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi mabaya. Nilitaka kuwaonyesha sauti ndefu ya mwanzo, ile ya makaburini, na pumzi ikakatika katikati. Nililaumu mdomo wa tarumbeta. Kristian akausafisha, akanirudishia, na pumzi ikakatika tena palepale.

Nilimwambia anaandaa njia ya kunirithi. Alianza kukusanya vitabu. Abrahamu alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hapo umemwonea." Nimekerwa na Abrahamu pia.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza. Maharage yamepandwa. Dawa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua mchana kutwa. Dawa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Udongo umeporomoka barabarani chini ya Soni. Magari hayapandi wala hayashuki. Kwa Sharifu hakuna tramadoli. Amefungua kabati lote nione. Kwenye kopo kilibaki kidonge kimoja, nami nimekimeza.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Malaria imerudi. Jasho, miayo, tumbo. Jenoveva amebadilisha shuka mara tatu. Sharifu mwenyewe alipita kunijulia hali, akasema Abrahamu naye yuko kitandani na malaria. Msimu mbaya.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nitaandika kwa urefu. Mwandiko ni mbaya, wala sitaandika upya.

Nilipelekwa hospitali kwa bodaboda, nimefungwa kanga ya Jenoveva kiunoni, naye nyuma yangu amenishika kama mzigo wa kabichi. Nilidai dawa mseto. Wakapima damu kwanza. Hakuna malaria. Nikasema wapime tena, maana nimesahihisha kazi za wavivu miaka thelathini na saba na ninazitambua. Wakapima tena. Hakuna.

Nikaingizwa kwa daktari. Nilimtambua kabla hajainua uso: Hidaya Shemhilu, darasa la sita, dawati la mbele, mwandiko wa kulala. Alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wale watu wako wa maabara hawajui kazi, Hidaya."

"Wanajua, Mwalimu. Umeshuka Mombo karibuni?"

"Mwezi uliopita."

"Na safari hii?"

"Nishuke wapi? Barabara imefungwa."

"Basi hii malaria imepandaje?"

Nilitazama mvua dirishani. Barabara haikupitisha hata gari, na mimi nimeugua ugonjwa wa Mombo kitandani kwangu. Nilihisi jambo linakuja, kama mwanafunzi anavyohisi kuwa atakayeulizwa ni yeye.

"Unameza dawa gani?"

Nikamwambia, na kwamba nainunua kwa Sharifu. Akauliza ni ngapi kwa siku. Nikasema nne.

Jenoveva alikohoa.

Hidaya hakubishana. Aliniambia nikapumzike kwenye benchi nje kwa dakika kumi, kisha nirudi tuzungumze. "Nimefunga, Mwalimu, sina haraka ya chai," alisema.

Nilikaa kwenye benchi. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiwasimamia watoto mtihani. Hidaya alipokuwa na miaka kumi na miwili nilimnyang'anya karatasi kwa kutazama ya jirani yake mara moja tu, na akakosa alama zote. Hakulia. Alisema, "Ni kweli nimetazama, Mwalimu." Sasa mzee mzima nimekaa mlangoni pake, nimeandika jibu ambalo najua ni la uongo.

Nikarudi bila kuitwa.

"Ni nane," nikasema. "Siku nyingine tisa. Tangu Novemba mguu hauumi. Nameza kwa sababu nisipomeza naumwa."

Jenoveva alinishika mkono mbele ya mwanafunzi wangu, jambo ambalo hajafanya hadharani tangu siku ya harusi.

Hidaya alieleza polepole. Malaria ya Mombo haikuwapo, wala hii ya leo. Mara zote mbili mwili ulikuwa ukiidai tramadoli. Hali hiyo inaitwa uraibu. Neno hilo nalijua. Nimelifundisha, na siku zote mifano yangu ilikuwa ya vijana wa vijiweni. Nilimwambia hivyo.

"Mwalimu, dawa hii haiulizi mtu amesoma mpaka wapi. Ulipewa kihalali, ukaizidisha, ikakushika. Ni ugonjwa na una tiba."

"Basi naiacha leo. Mimi nikisema basi, ni basi."

"Hapana!" Akainua kidole, na nikaona ni kidole changu mwenyewe, kile nilichokuwa nikiinua ubaoni. "Ukiikata ghafla utaumia, na utairudia. Tutapunguza kidogokidogo, mimi nikiangalia. Dawa atakaa nazo mama. Kila Jumanne unakuja hapa, na baada yangu utazungumza na mshauri. Na Sharifu asikuuzie hata kimoja."

"Hadi Pasaka nitakuwa nimemaliza?"

"Pengine bado. Pasaka ina tarehe yake na mwili una yake."

Nitaanza na sita kwa siku, kutoka stoo ya hospitali. Tulipokuwa tukitoka alisema, "Safari hii umepata alama zote, Mwalimu. Japo ulichelewa kukusanya karatasi."

Jenoveva alicheka mpaka getini. Nami, ajabu, nilicheka, huku kamasi zinanitoka.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Nimelala saa sita mfululizo. Barabara imefunguliwa.

Jumanne, 18 Machi

Hospitali. Sita. Mshauri ni mwanamke mfupi anayeitwa Tatu, mpole, ila haniruhusu kujibu kwa methali. Ameniuliza nani mwingine anajua. Nikasema mke wangu na daktari. Akasema, "Na wale kumi na wawili unaowapigia kelele kila Jumamosi?"

Nimepitia kwa Sharifu. Nikamwambia asiniuzie tena.

"Nimekukosea nini, Mwalimu?"

"Hukuniuliza swali hata moja."

"Nilikuogopa. Wewe ulinifundisha kutowahoji wakubwa."

Ni kweli, nilimfundisha hivyo. Nimekaa kwenye kreti yake ya soda. Kisha nikamwambia kuwa kuanzia leo anayetaka dawa ile alete cheti cha daktari, hata akiwa mwalimu wake, na akimwogopa anitaje mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Sikuongoza mazoezi. Nilisimama mbele yao, nikatoa kofia, nikawaambia nilivyo. Nilitumia sentensi nne. Nilitaraji minong'ono. Badala yake Kristian akasema, "Tulidhani unakufa, Mwalimu. Tumeomba mwezi mzima."

Ikajulikana kuwa tangu Januari amekuwa akiwakusanya Ijumaa nyumbani kwake na kuwafundisha upya yale niliyoyafundisha nikiwa nimelala. Hakusema kwa mtu yeyote, wala kwa mchungaji. Na mimi nilimwita mrithi.

Nimemwomba msamaha. Alisema, "Haya, yamekwisha, tupige." Akaanza wimbo kwa kasi ileile ya kuwahi basi.

Jumanne, 25 Machi

Tano. Jua baada ya mvua. Nimekwenda chooni bila taabu kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Sitaandika zaidi, ila siku hii ikumbukwe.

Alhamisi, 27 Machi

Asubuhi nilinusa udongo uliolowa. Nikamwita Jenoveva aje anuse.

"Umenuka hivyo tangu tuoane," alisema.

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwenye kopo, Mghoshi."

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Hidaya ametuma bakuli la pilau na kikaratasi: "Mwalimu asile na sehemu ya mama." Tumejibu kwa viazi na kabichi mbili. Mwandiko wake bado unalala.

Jumanne, 1 Aprili

Nne.

Alhamisi, 3 Aprili

Vibaya. Miguu haitulii. Nimemwomba Jenoveva kimoja cha ziada.

"Hapana."

Nikamwambia mimi ni mkuu wa nyumba hii.

"Ndiyo, wewe ndiye mkuu. Chukua jembe ukapalilie."

Nilipalilia maharage ndani ya manyunyu kwa hasira, mstari hadi mstari. Jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo, akinisalimu kwa Kishambaa, "Onga mahundo, Mwalimu! Maharage yamekukosea nini?" Nilipofika mwisho wa tuta la tatu, hasira ilikuwa imekwisha na nilikuwa naimba sauti ya besi. Sijaimba shambani tangu nivunjike.

Jumamosi, 5 Aprili

Mazoezi. Abrahamu amerudi, amekonda. Anasema malaria imemsumbua lakini sasa yuko sawa. Nimepiga sauti ya pili chini ya Kristian. Ni vizuri kuwa na mtu wa kumfuata. Unasikia wimbo mzima.

Jumanne, 8 Aprili

Hidaya hakupunguza. "Tubaki nne, wiki iliyopita ilikuwa nzito." Nilidai tatu. Akauliza nani mwalimu hapa. Nikakubali nne.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Mitende. Watoto walinipiga kwa matawi mgongoni wakikimbia. Mwaka jana ningewasimamisha kwenye mstari.

Jumanne, 15 Aprili

Sasa ni tatu kwa siku! Nimemwambia Hidaya kuwa nataka kupiga sauti ya kwanza makaburini. Amenisikiliza kifua, akasema pumzi ipo. "Lakini ikikatika, Mwalimu?" Nikasema Kristian atakuwa kando yangu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua. Ibada. Kimya.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Tulipanda gizani, mvua imekatika, matope yakishika viatu. Mbele taa mbili za chemli. Jenoveva alinishika kiwiko, hakusema neno. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia migomba ikidondosha maji, pumzi za watu, na besi ya Abrahamu ikigonga vifungo vya koti lake.

Kwenye kaburi la baba yangu tulisimama. Kristian alinitazama, nikaitikia kwa kichwa. Nikainua tarumbeta.

Sauti ilitoka. Haikuwa ya mtu wa miaka thelathini, lakini ilitoka nzima, ikavuka bonde, ikagonga mlima wa pili na kurudi. Nikafika pale ilipokuwa ikikatika kila mara. Nikaanza kupungukiwa. Na kabla sijaishiwa, Kristian akaingia chini yangu kwa sauti ileile, taratibu mno, hakukimbia hata kidogo, tukaimaliza pamoja. Kisha wote kumi na mmoja wakaingia, na watu wakaanza kulia na kucheka na kusalimiana, shikamoo na marahaba zikipishana juu ya makaburi, na Jenoveva akapaza sauti, "Kristo amefufuka, na mume wangu pia!" Mchungaji alimsikia. Alicheka kuliko wote.

Nilikuwa nafuta mdomo wa tarumbeta Abrahamu aliponivuta pembeni, nyuma ya mti wa msonobari. Jitu lile la kupasua mawe lilikuwa linatazama viatu vyake.

"Mwalimu, ile malaria yako."

"Imefanyaje?"

"Ilikuwa na miayo?"

"Mingi."

"Na miguu haitulii?"

"Haitulii kabisa."

"Nami nilianza kumeza zilezile kwa ajili ya mgongo, huu wa kupasua mawe. Sasa Sharifu anadai cheti, na kule Soni kuna mwingine hadai." Akavuta kamasi. "Mwalimu, mimi sijashuka Mombo mwaka wa pili huu."

Nikakumbuka Machi, barabara imefungwa, na mimi mwenyewe nikiandika humu kuwa Abrahamu ana malaria. Nimeandika kwa kalamu yangu na sikusoma. Nilitaka kumweleza mengi. Nikamwuliza moja tu.

"Ngapi kwa siku?"

"Tano."

Nikangoja. Ndege walikuwa wameanza. Akainua uso, na kulikuwa na mwanga wa kutosha kuonana.

"Kumi," alisema.

"Vema. Jumanne saa mbili asubuhi nakupitia nyumbani. Daktari ni mkali, alifundishwa na mimi. Kuna benchi nje ya mlango wake, linatosha watu wawili."

Alianza kucheka huku analia, akainua besi yake kubwa ili afiche uso, na kwa kuwa alikuwa ameshaiinua, akaipiga. Kristian akageuka akafikiri ni ishara. Wote wakaingia, kwa kasi ya kuwahi basi, nami nikakimbia nao.